Dkt. Krapf na Mlango wa Kau: Maisha ya Mjumbe Aliyewatafuta Waoromo Akakikuta Kiswahili

Kau ni kijiji kidogo kilichoko ukingoni mwa Mto Ozi, masafa mafupi juu ya Kipini, katika eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River. Anayekiona leo kikiwa kimya katikati ya miembe na mashamba ya mpunga hawezi kudhani kwa wepesi kwamba katika karne ya 19 palikuwa na gulio lenye sifa. Wafanyabiashara wa Kiswahili walipandisha mashua zao kutoka Lamu na Kipini mpaka hapo, wakakutana na Wapokomo walioshuka na mazao yao, na Waorma waliokuja na ng'ombe na pembe za ndovu. Wanafunzi wa fasihi hawatakosa kukumbuka kwamba pande hizi ndizo za Fumo Liyongo, kwa kuwa Ozi, Shaka na Ungwana ni majina yasiyotengana na masimulizi yake.

Makala haya, hata hivyo, hayamhusu Liyongo. Yanamhusu mtu ambaye jina lake kila mwanafunzi wa Kiswahili hulisikia katika muhula wa kwanza wa somo la historia ya lugha, kisha aghalabu akalisahau baada ya mtihani. Mtu huyo ni Dkt. Johann Ludwig Krapf. Tumezoea kumtaja kwa sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi yake ya mwaka 1882, tukafululiza kwenda kwa Steere na Madan. Lisilotajwa sana ni kwamba Krapf hakuja Afrika Mashariki kwa ajili ya Kiswahili. Alikuja kuwatafuta Waoromo, na Waorma wa bonde la Tana walikuwa tawi lao la kusini. Hakujenga nyumba Kau, wala hakuna anayedai hivyo. Lakini Kau ilikuwa mojawapo ya milango ya nchi aliyoitamani maisha yake yote, na mwandishi wa makala haya anaona kwamba maisha yake yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kutoka kwenye mlango huo kuliko kutoka Rabai peke yake.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Akiwa mtoto alipigwa na jirani kwa kosa ambalo halikuwa lake, kipigo kilichomlaza kitandani kwa miezi kadhaa. Katika ugonjwa huo ndipo alipoizoea Biblia, akaisoma hata mioyo ya watu wa nyumbani ikaanza kumwona kuwa mtoto wa namna ya pekee. Alipopona, ilipatikana bahati ya kumwingiza katika shule ya Kilatini mjini Tübingen, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwana wa mkulima. Alipenda ramani. Alipoona kwamba ramani ya Afrika ilikuwa na maeneo makubwa yasiyoandikwa chochote, hasa upande wa Uhabeshi na kusini yake, moyo wake ulielekea huko.

Mwaka 1827 alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, kisha akaacha kwa sababu ya mashaka ya moyo. Akarudi Tübingen kusomea theolojia, akawa msaidizi wa mchungaji, naye akajikuta matatani kwa mahubiri yaliyogusia mno habari za mwisho wa dunia. Haya yote tunayapita haraka, isipokuwa jambo moja. Krapf hakuwa mtu ambaye imani yake ilikuwa nyepesi au tulivu. Aliuacha wito wake mara moja kabla ya kuushika, na huenda ndiyo sababu alipoushika hakuweza tena kuuachia, hata pale ambapo busara ya kawaida ingemshauri hivyo.

Shirika la Kianglikana la Church Missionary Society lilimtuma Uhabeshi mwaka 1837. Alifukuzwa Tigre mwaka uliofuata, akaenda Shoa kwa Mfalme Sahle Selassie, akakaa huko tangu 1839 hadi 1842. Huko ndiko alikokutana na Waoromo, ambao wakati ule waliitwa Wagalla, jina ambalo wenyewe hawalipendi na ambalo leo halitumiwi na waandishi waangalifu. Alijifunza lugha yao, akaanza kutafsiri Injili kwa lugha hiyo. Akavutiwa mno na wingi wao, upana wa nchi yao na uhodari wao. Akajenga katika fikra zake nchi nzima aliyoiita Ormania, akaamini kwamba Waoromo wakiipokea Injili, Afrika Mashariki yote ingegeuka. Alifika hadi ya kuwafananisha na Wajerumani wa Ulaya. Msomaji wa leo atatabasamu, kwani hapa tunamwona mtu akiwapenda wengine kwa sababu anajiona mwenyewe ndani yao.

Mwaka 1842 alitoka Shoa kwenda kumpokea mchumba wake, Rosina Dietrich, huko Misri. Njiani aliporwa mali yake yote na mtawala mmoja wa Wollo. Walifunga ndoa Alexandria, lakini walipotaka kurudi Shoa njia ilikuwa imefungwa. Krapf alikuwa amesaidia ujumbe wa Waingereza katika jumba la mfalme kama mkalimani, na haishangazi kwamba wamisionari walitazamwa kwa jicho la shaka baada ya hapo. Wakiwa katika jangwa la pwani, Rosina alijifungua mtoto kabla ya wakati wake. Mtoto yule hakuishi. Walimpa jina la Eneba, maana yake chozi kwa Kiamhara.

Ndipo Krapf alipowaza njia nyingine. Ikiwa mlango wa kaskazini umefungwa, je, hapana mlango wa kusini? Waoromo walienea mpaka karibu na bahari, kwenye mito iliyomwagikia pwani ya Waswahili. Mtu angeweza kuwafikia kutoka Lamu, Kipini, Kau au Takaungu. Novemba 1843 yeye na Rosina waliondoka Aden kwa chombo cha baharini, na tarehe 7 Januari 1844 wakafika Unguja. Kwa maneno mengine, Krapf aliingia katika pwani ya Waswahili kama mtu anayepita barazani kwa jirani ili afike nyumba ya pili.

Sayyid Said alimpokea kwa ukarimu, akampa barua kwa watawala wake wa pwani akiwataka wamsaidie. Jambo hili halifai kupitwa hivihivi. Mtawala Mwislamu alimfungulia njia mmisionari Mkristo aliyesema waziwazi nia yake, na barua ile ilimkinga Krapf kwa miaka mingi. Mei 1844 yeye na mkewe wakafanya makao Mombasa.

Hapo Mombasa alianza kukisoma Kiswahili kwa bidii, kwa kuwa aliona kwamba hakuna atakayefika bara bila lugha iliyoeleweka na kila msafara. Mwanzoni kilikuwa kwake chombo tu. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo akiwa pamoja na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Sura za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Wanafunzi wa tafsiri wangefanya vyema kuifikiria picha hii: watu wawili wa dini mbili wameketi juu ya kitabu ambacho habari zake za Adamu, Nuhu na Ibrahimu wote wawili walizijua, kila mmoja kwa njia yake. Maneno waliyohitaji yalikuwepo tayari. Hayakubuniwa na mmisionari. Roho, dhambi, sala, imani, rehema na baraka yalikuwa yamekaa vinywani mwa Waswahili kwa karne nyingi, na Ukristo wa pwani ukayaazima kutoka kwa jirani yake, ukaendelea kuyatumia mpaka hivi leo makanisani Ngao, Rabai na Nairobi.

Mwezi mmoja baadaye msiba ukaja. Rosina alijifungua mtoto wa kike tarehe 6 Julai akiwa na homa kali. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa hiyohiyo, asiweze kumuuguza. Tarehe 13 Julai 1844 Rosina akafariki. Mtoto akamfuata siku chache baadaye, akazikwa kando ya mamaye. Rosina alikuwa ameomba asizikwe kisiwani bali ng'ambo, bara, karibu na njia wapitayo watu, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao jambo lililomleta. Ndivyo ilivyofanyika, upande wa Nyali, na kaburi lipo mpaka leo.

Wengi wamelisimulia tukio hili kwa namna ya kumsifu Krapf, kwamba aliliandikia shirika lake akalieleza kaburi hilo kuwa dalili ya kwamba kazi ya Afrika Mashariki imeanza. Mwandishi wa makala haya hasemi kwamba sifa hiyo ni ya uongo. Anasema tu kwamba inamsahau Rosina. Alikuwa ameolewa chini ya miaka miwili, amezika mtoto mmoja jangwani, akaja katika mji ambao hakujua lugha yake, akafa akiwa mbali na mama na dada. Neno lake la mwisho kuhusu kaburi ndilo jambo pekee analokumbukwa nalo katika vitabu vingi, na hata hilo hutajwa kama sura ya maisha ya mumewe. Kama kuna mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, basi wake wa wamisionari wa pwani hii bado hawajaandikiwa vya kutosha kwa Kiswahili.

Krapf alikaa peke yake karibu miaka miwili. Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, naye Mjerumani wa kusini. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wawili hao walihamia Rabai, kwa Wamijikenda, ambao katika vitabu vya zamani huitwa Wanyika. Safari yenyewe ilikuwa kama kichekesho, maana wote wawili walikuwa na homa, na walikuwa na punda mmoja tu, wakampanda kwa zamu. Rabai ndipo kituo kilipojengwa. Wazee wa kaya waliwapokea kwa adabu, wakasikiliza, kisha wakaendelea na mambo yao. Miaka ikapita. Mtu wa kwanza kuipokea imani alikuwa Mringe, kilema aliyedharauliwa na wengi, ambaye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Wa pili alikuwa Abe Gunja. Ukiuliza Krapf alivuna nini Rabai kwa hesabu ya waumini, jibu ni kwamba hakuvuna karibu chochote.

Hapa tabia za hao wawili zinafaa kulinganishwa, kwani ndizo zilizoamua mambo mengi. Rebmann alipenda kukaa. Aliamini kwamba mmisionari hulima kiwanja kimoja mpaka kitoe mazao, na kwa hakika alikaa karibu miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Krapf alipenda kwenda. Alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo kutoka Mombasa mpaka Gaboni, kama daraja la kuvuka bara zima. Ni kweli kwamba Rebmann naye alisafiri, na ndiye aliyeuona mlima Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei 1848. Lakini kwa Rebmann safari ilikuwa kazi ya muda, ilhali kwa Krapf kukaa ndiko kulikokuwa mapumziko baina ya safari. Wataalamu wa jiografia huko London walizikejeli habari za theluji kwenye ikweta. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, naye akauona mlima Kenya.

Safari ya mwaka 1851 ndiyo inayoturudisha kwenye maji ya Tana. Krapf alikusudia kujenga kituo huko Yata, kwa Wakamba, lakini ukiwa na upweke wa mahali pale vilimshinda, akaenda kwa Kivoi. Kivoi alikuwa anajiandaa kwenda upande wa Mto Tana, Krapf akafuatana naye. Mwezi Agosti, wakiwa si mbali na mto, wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa. Watu wake wakatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake porini, bila chakula na bila maji, katika nchi asiyoijua. Akatembea mpaka akaufikia mto. Akanywa. Kwa kuwa hakuwa na kibuyu, alijaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Maji yale hayakudumu, kwani vichaka viling'oa vizibo na maji yakamwagika. Alipofika kwa jamaa za Kivoi alishukiwa kuwa ndiye aliyesababisha kifo cha mkubwa wao, akatoroka usiku, akarudi Rabai akiwa hoi.

Maji aliyoyanywa siku ile ni ya mto uleule unaoteremka kupitia Garsen. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha Tana na Ozi, ili mashua na mitumbwi ya mazao ifike Kau bila kupita baharini. Mto ukaupenda mfereji ule kuliko njia yake ya kale. Hatimaye Tana yote ikahamia humo, na sasa huingia baharini Kipini, ikiwa imepita mbele ya Kau. Krapf hakuufuata mto huo mpaka chini. Angeufuata, ungempeleka moja kwa moja kwa watu aliokuwa akiwatafuta tangu Shoa.

Mwaka 1852 alikwenda Usambara mara ya pili kwa Mfalme Kimweri, akiwa ameshafika huko mwaka 1848. Mwaka 1853 alirudi Ulaya afya ikiwa imemwisha. Baadaye akafanya makao Korntal, mji mdogo karibu na Stuttgart, akaoa tena mwaka 1856. Mwaka 1858 alichapisha habari za safari zake kwa Kijerumani, na toleo la Kiingereza likafuata mwaka 1860.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo wasomaji wa jarida hili watataka tulikabili bila kumung'unya maneno. Mwaka 1850 Krapf, akiwa Ulaya kwa likizo, alichapisha Tübingen muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, kazi ya kwanza ya aina yake kuchapishwa. Mwaka huohuo ulitoka msamiati wake wa lugha sita za Afrika Mashariki. Katika sarufi ile alitetea matumizi ya hati ya Kirumi badala ya hati ya Kiarabu ambayo Waswahili waliitumia kuandikia tenzi, barua na mikataba. Sababu moja ilikuwa ya kitaalamu, yaani ugumu wa kuonyesha sauti zote za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila nyongeza. Sababu ya pili haikuwa ya kitaalamu. Alihofu kwamba hati ya Kiarabu ingeendelea kuufungulia Uislamu njia ya kuingia bara.

Baadhi yetu humtetea kwa kusema kwamba kila mtu ni mtoto wa wakati wake. Utetezi huo hautoshi. Krapf alikuwa amefundishwa lugha na kadhi, amelindwa kwa barua ya sultani Mwislamu, na ameishi Mombasa miongoni mwa watu walioandika mashairi ambayo yeye mwenyewe aliyathamini kiasi cha kukusanya miswada yake. Mwaka 1854 miswada hiyo, ukiwamo wa utenzi wa Herekali, ilifika kwa chama cha wataalamu wa Mashariki huko Halle. Kwa hiyo alijua. Mkono mmoja ulizihifadhi hati zile, na mwingine ukashauri ziachwe. Wapo wanaoona kwamba uamuzi wa hati ya Kirumi ungetokea tu, kwa nguvu za serikali na shule zilizokuja baadaye, na huenda wana haki. Hata hivyo anayesoma utendi wa kale leo kwa kutegemea nakala ya Kirumi ya mtu mwingine, kwa kuwa hakufundishwa hati ya mababu wa lugha yake, analipa sehemu ya gharama ya ushauri ule.

Upande wa pili wa mizani upo pia, nao si mwepesi. Krapf alikusanya maneno ya Kimvita kama yalivyosemwa na watu, pamoja na mengi ya Kiamu na lahaja nyingine, katika wakati ambapo hakuna aliyewaza kwamba Kiunguja ndicho kitakachofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, kama ilivyoamuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Hakuridhika na kutoa maana ya neno. Alieleza jahazi linavyoundwa, chakula kinavyopikwa, ada za arusi na mazishi, majina ya samaki na miti. Ndiyo maana kamusi yake, ambayo ni ngumu kutumia kwa tahajia yake ya kizamani, bado inafunguliwa na wachunguzi wa lahaja. Madan aliitumia, na mwaka 1925 Canon Binns akatoa toleo lake lililorekebishwa.

Lakini rohoni mwake Krapf alibaki na Waoromo. Wamethodisti wa Uingereza wa dhehebu la United Methodist Free Churches walikisoma kitabu chake, wakataka kutuma wajumbe Afrika Mashariki, wakamwomba awaongoze. Mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka 52 na mwili uliochoka, alirudi pwani pamoja na Thomas Wakefield na wenzake. Lengo lilikuwa Waorma. Wakaanzia Ribe, karibu na Rabai, kama kituo cha kuvutia pumzi. Baadhi ya wajumbe waliugua mapema, wakarejea kwao. Krapf naye akarejea mwaka huohuo, na Wakefield akabaki, akiungwa mkono mwaka uliofuata na Charles New.

Ilikuwa tamu na chungu. Krapf alikuwa amewaleta watu hadi kwenye kizingiti, asiingie mwenyewe. Huko Korntal akaendelea na tafsiri za Kioromo, na katika miaka ya 1870 Agano Jipya la lugha hiyo likachapishwa kwa hati ya Kihabeshi. Hebu tulitazame jambo hili pamoja na lile la Kiswahili. Kwa Kioromo, ambacho wasemaji wake wengi hawakuwa na maandishi ya aina hiyo, alitumia hati ya majirani zao Wakristo. Kwa Kiswahili, kilichokuwa na hati yake tayari, alishauri iachwe. Msomaji ataona mwenyewe ni imani ipi ya Krapf iliyokuwa ikishika kalamu.

Mwaka 1867 aliitwa kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Uhabeshi, akaugua, akarudishwa. Mkewe wa pili alifariki mwaka 1868, naye akaoa mara ya tatu. Mwaka 1875 Rebmann alirudi kutoka Rabai akiwa kipofu, akaongozwa na kijana Mwafrika mpaka Ulaya, akaja kukaa Korntal karibu na rafiki yake. Wazee wawili waliotofautiana mno juu ya kukaa na kwenda wakawa majirani mwishoni. Rebmann alikufa tarehe 4 Oktoba 1876, na mwaka uliofuata Krapf akaitayarisha kwa uchapishaji kamusi ya Kinyanja ambayo mwenzake alikuwa ameiacha. Kisha akairudia kamusi yake mwenyewe ya Kiswahili.

Aliimaliza. Jioni ya tarehe 26 Novemba 1881 aliingia chumbani kulala. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa akiwa katika sala. Alizikwa Korntal, karibu na Rebmann. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, mwenyewe asiione.

Waorma, je? Walipofikiwa hatimaye, hawakuwa tena taifa lile ambalo Krapf aliliwaza. Tangu miaka ya 1860 walikuwa wamepigwa vita na Wasomali, magonjwa yakawapunguza, wakabaki wachache kando ya mto. Wakefield aliwazuru mapema, akangoja zaidi ya miaka 20 kabla ya kuweka kituo kwao, huko Golbanti, mwaka 1885. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Mei 1886, Wamaasai walivamia kituo hicho, wakamwua mmisionari John Houghton na mkewe pamoja na watu wengine waliokuwa hapo. Kituo hakikufungwa, lakini Waorma wenyewe waliishika dini ya Kiislamu, na wengi wao ni Waislamu hadi leo.

Waliolipokea neno ni wale ambao Krapf hakuwaweka katika hesabu zake, yaani Wapokomo, wakulima wa mpunga na ndizi na wapiga kasia wa mitumbwi. Mwaka 1887 misheni ya Neukirchen ya Ujerumani ilianza kazi Ngao, naye Ferdinand Würtz akaanza kukiandika Kipokomo na sarufi yake. Katika miaka ile pande hizo zilikuwa zikigombaniwa na masultani wa Witu na Unguja, huku Wajerumani na Waingereza wakivutana nyuma yao. Waliokwenda Ngao walitoka Lamu kwa mashua, wakaingia mlango wa mto hapo Kipini, wakapanda Ozi mpaka Kau, kisha wakashika mfereji wa Belezoni kuelekea Tana. Waliwasiliana na wenyeji wao kwa Kiswahili mpaka walipokijua Kipokomo.